Je, Wajua kwa Nini Orodha Kunjuzi Hujichagulia Jibu Kabla Mtumiaji Hajaigusa?

Chukulia fomu ya kusajili wanachama wa chama cha akiba na mikopo nchini Kenya, iliyotengenezwa kwa Windows Forms, ile sehemu ya .NET (jukwaa la Microsoft la kutengenezea programu) ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2002 kwa ajili ya programu za kompyuta za Windows. Fomu hiyo ina orodha kunjuzi ya kaunti 47 zilizopangwa kwa alfabeti. Inapofunguka tu, kabla karani hajagusa kipanya wala kibodi, kisanduku tayari kinaonyesha Baringo. Karani mwenye foleni ya watu mbele yake hujaza jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu, kisha hubonyeza kitufe cha kuhifadhi, na mwanachama aliyezaliwa na kukulia Kwale huingia katika hifadhidata kama mkazi wa Baringo. Hakuna onyo lolote linalotokea, kwa kuwa Baringo ni kaunti halali na programu haina namna ya kujua kwamba hakuna mtu aliyeichagua.

Wengi hudhani kwamba hii ni tabia ya Windows yenyewe. Sivyo. Kidhibiti (sehemu ya fomu kama kisanduku au kitufe) cha asili cha Windows, ambacho ComboBox, yaani orodha kunjuzi ya Windows Forms, imejengwa juu yake, hakichagui chochote kikiachwa peke yake. Programu hukipelekea ujumbe wa CB_ADDSTRING kuongeza maneno kwenye orodha, na ikikiuliza kwa CB_GETCURSEL ni kipengele gani kilichochaguliwa, hujibu -1, yaani hakuna, mpaka mtu au programu ichague. Hali ni hiyo hiyo katika Windows Forms iwapo utaongeza kaunti moja moja kwa Items.Add: sifa ya SelectedIndex, inayotaja namba ya kipengele kilichochaguliwa, hubaki -1 na kisanduku hubaki kitupu. Mambo hubadilika pale tu unapoacha kuongeza moja moja na badala yake kukikabidhi kidhibiti jedwali zima au orodha nzima kupitia sifa ya DataSource.

Unapoweka DataSource, kidhibiti hakiisomi data peke yake. Kati yake na data huingia msimamizi anayeitwa CurrencyManager, na kazi ya msimamizi huyu ni kukumbuka ni safu ipi ya data iliyo ya sasa. Ni kama kidole cha karani juu ya daftari la mahudhurio: maadamu daftari lina mistari, kidole hicho hakina budi kuwa juu ya mmoja wao. Sifa yake ya Position huwa -1 pale tu orodha inapokuwa haina kitu. Orodha ikiwa na safu hata moja, Position huanza na 0, yaani safu ya kwanza, na kidhibiti, kwa kumfuata msimamizi wake, hufanya SelectedIndex kuwa 0 vilevile. Hapo ndipo Baringo inapotokea.

Mpangilio huu haukuwekwa kwa uzembe. Ulibuniwa kwa fomu za kupitia kumbukumbu, ambapo orodha huonyesha majina ya wateja, na visanduku vingine vya fomu hiyo hiyo huonyesha anwani, simu na salio la mteja aliye chini ya kidole. Ukichagua mteja mwingine kwenye orodha, msimamizi husogea, na visanduku vyote vilivyounganishwa na chanzo hicho husogea pamoja naye bila mtengenezaji wa programu kuandika mstari hata mmoja wa ziada. Kwa kazi hiyo, kuwa na safu ya sasa wakati wote ni jambo la lazima, na kwa maoni yangu ni moja ya mambo mazuri zaidi katika Windows Forms. Tatizo ni kwamba kidhibiti hicho hicho hutumika pia kwa kazi ya pili iliyo tofauti kabisa, nayo ni kumwuliza mtu swali na kungoja jibu lake. Anayepitia kumbukumbu hawezi kuwa hayupo popote, lakini anayeulizwa swali anaweza kabisa kuwa bado hajajibu, na CurrencyManager haina nafasi ya kuandika hali hiyo.

Chanzo hicho hicho ndicho kinachoeleza fumbo jingine ambalo huwasumbua sana wanaoanza. Fomu ina orodha mbili, moja ya kaunti ya kuzaliwa na nyingine ya kaunti anayoishi mwanachama, na zote mbili zimepewa orodha moja ya kaunti kama DataSource. Karani akichagua Lamu kwenye ya kwanza, ya pili nayo hugeuka kuwa Lamu. Akiirekebisha ya pili kuwa Nakuru, ya kwanza huifuata. Msimbo wa tukio, yaani ule unaoendeshwa chaguo linapobadilika, hauna kosa lolote. Ni kwamba fomu ina BindingContext moja, yaani mtunzaji wa wasimamizi hao, na BindingContext hutoa msimamizi mmoja kwa kila chanzo, kwa hiyo orodha zote mbili zinaongozwa na kidole kimoja. Dawa ni kuipa kila orodha msimamizi wake: ama unatengeneza BindingSource mbili (vitu vinavyokaa kati ya kidhibiti na data, kila kimoja na msimamizi wake) juu ya data ile ile, ama unaipa orodha moja BindingContext mpya, ama unaipa nakala ya orodha. Kati ya hizo, BindingSource mbili ndiyo njia ninayoipendelea, kwa sababu atakayeusoma msimbo baadaye ataona wazi kwamba uliamua kuzitenganisha.

Tukirudi kwenye fomu yetu, usanidi unaokubalika kwa orodha ya kujibu swali unaweza kuandikwa kwa mistari mitano ya C#:

cboKaunti.DropDownStyle = ComboBoxStyle.DropDownList;
cboKaunti.DisplayMember = "Jina";
cboKaunti.ValueMember = "Namba";
cboKaunti.DataSource = kaunti;
cboKaunti.SelectedIndex = -1;

Mstari wa mwisho ndio unaofuta chaguo ambalo hakuna aliyelifanya. Mahali unapouweka ni muhimu kama mstari wenyewe. Ukiwekwa ndani ya kiundaji cha fomu (msimbo unaoiunda fomu kabla haijaonyeshwa), muunganisho wa data hufanywa upya wakati fomu inapoandaliwa kuonyeshwa, kidhibiti kikarudi kumfuata msimamizi, na Baringo ikajitokeza tena huku msimbo ukionekana kuwa sahihi. Tukio la Load hutokea baada ya hatua hiyo, na hapo -1 hudumu.

DisplayMember na ValueMember zinastahili kuelezwa, maana ndizo zinazotenganisha kile anachokiona mtu na kile kinachohifadhiwa. Kaunti za Kenya zina namba zinazofuata mpangilio wa Jedwali la Kwanza la Katiba ya mwaka 2010: Mombasa ni 001, Kwale 002, Kilifi 003, na kuendelea mpaka Nairobi iliyo 047. Jina ni la kusomwa na karani. Namba ni ya kuwekwa kwenye hifadhidata. Anayehifadhi majina badala ya namba atakutana na Murang'a yenye alama ya king'ong'o na Murang'a isiyo nayo, na Elgeyo Marakwet yenye mkwaju, yenye kistari na yenye nafasi tupu, kisha atatakiwa kutoa ripoti ya kaunti 47 kutoka kwenye data inayoonyesha kaunti zaidi ya hizo. Ukisahau DisplayMember huku chanzo chako kikiwa DataTable (jedwali la data la .NET), orodha nzima itajaa maneno System.Data.DataRowView, mstari baada ya mstari, kwa kuwa kidhibiti hakijaambiwa kisome safu wima ipi na hivyo huandika jina la aina ya kitu kilichopewa.

DataSource huwekwa baada ya sifa hizo mbili kwa sababu ya matukio. Pale chanzo kinapounganishwa na chaguo likaruka kutoka -1 hadi 0, tukio la SelectedIndexChanged hutokea hapo hapo, ingawa hakuna mtu aliyebofya. Ikiwa ValueMember bado haijawekwa, SelectedValue, yaani thamani ya kipengele kilichochaguliwa, wakati huo si namba ya kaunti bali ni safu nzima, na msimbo wako unaojaribu kuigeuza kuwa namba huanguka wakati fomu inafunguka. Zaidi ya hayo, kama kazi ya tukio hilo ni kupakia maeneo bunge ya kaunti iliyochaguliwa, programu itakwenda kwenye hifadhidata kutafuta maeneo bunge ya Baringo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kwa kazi zinazotakiwa kufuata uamuzi wa mtu, Windows Forms ina tukio jingine, SelectionChangeCommitted, ambalo hutokea pale tu mtumiaji mwenyewe anapobadilisha chaguo, na halitokei msimbo unapofanya hivyo. Nashangaa kwamba halijulikani zaidi, kwani katika fomu zenye orodha inayotegemea orodha nyingine ndilo linalofaa karibu kila mara. Karani achague Mombasa, tukio litokee, na orodha ya pili ipakiwe Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Ila orodha hiyo ya pili nayo ina DataSource, kwa hiyo itakapopakiwa itajichagulia la kwanza, yaani Changamwe, na ni lazima nayo irudishwe kwenye -1 kila inapopakiwa upya. Watengenezaji wengi hukumbuka orodha ya kwanza na kuisahau ya pili.

Sifa ya DropDownStyle ina thamani tatu. Simple huonyesha orodha ikiwa wazi muda wote na ni nadra kuhitajika. DropDown, ambayo ndiyo thamani ya awali, humruhusu mtu kuandika chochote kisandukuni, hata neno lisilokuwemo kwenye orodha. Inafaa pale ambapo majibu mapya yanakaribishwa, kama vile jina la kijiji. DropDownList hufunga mlango huo, na kwa kaunti ndiyo inayofaa. Ukitaka mpangilio wa alfabeti, usiutafute kwenye sifa ya Sorted, kwa sababu kidhibiti hukataa kupanga orodha iliyotoka kwenye DataSource na hutupa kosa. Panga data kwenye chanzo chake.

Hata baada ya kuweka -1, uko mlango mwingine wa majibu yasiyokusudiwa, nao ni gurudumu la kipanya. Karani akishachagua Kwale, orodha ikiwa bado ndiyo iliyoshikiliwa na kibodi, akizungusha gurudumu ili kushuka chini ya fomu ndefu, Kwale itageuka kuwa kaunti nyingine kimya kimya, huku macho yake yakiwa kwenye sehemu ya chini. Hili huzuiwa katika tukio la MouseWheel, kwa kuigeuza hoja ya tukio kuwa HandledMouseEventArgs na kuiambia Handled ni kweli. Katika fomu za afya, fedha na usajili, ningeliweka zuio hili bila kusubiri malalamiko.

Miongoni mwa zana za kutengenezea fomu, Windows Forms haiko peke yake katika tabia ya kujichagulia. JComboBox ya Java Swing ikipewa orodha ya vitu huchagua cha kwanza. QComboBox ya Qt, inapopokea kipengele cha kwanza ikiwa tupu, hukifanya kuwa cha sasa. Na orodha kunjuzi ya kawaida ya kurasa za wavuti hufanya vivyo hivyo. Kinyume chake, TComboBox ya Delphi na Lazarus huanza na ItemIndex ya -1, na ttk.Combobox ya Python huanza tupu. WPF, iliyotoka mwaka 2006, humwachia mtengenezaji aamue kwa sifa ya IsSynchronizedWithCurrentItem kama orodha ifuate safu ya sasa au isifuate. Anayehama kutoka zana moja hadi nyingine anapaswa kulijaribu jambo hili mapema, kwa kufungua fomu na kubonyeza hifadhi bila kugusa orodha.

Wapo wanaoliepuka tatizo kwa kuongeza safu ya bandia juu ya orodha, iliyoandikwa "Chagua kaunti" na yenye namba 0. Inampa mtumiaji maelekezo, jambo ambalo kisanduku kitupu hakifanyi, lakini mimi siipendekezi, kwa sababu 0 ni namba kama namba nyingine na itahifadhiwa siku ukaguzi utakaposahauliwa. SelectedIndex ikiwa -1, SelectedValue hurudisha null, yaani hakuna thamani, na null ni rahisi kuikamata kabla ya kuhifadhi: unaonyesha alama ya kosa ya ErrorProvider pembeni mwa kisanduku, unarudisha kiashiria hapo, na hauhifadhi. Maelekezo ya kuchagua yanaweza kukaa kwenye lebo iliyo juu yake.

Ukaguzi huo uwepo pia kwenye hifadhidata. Safu wima ya namba ya kaunti iwe NOT NULL (isikubali kuachwa tupu), iwe na ufunguo unaorejelea jedwali la kaunti, na isiwe na thamani ya DEFAULT, yaani ile inayojazwa yenyewe hakuna kilichotumwa. Ikiwekewa DEFAULT ya 1, kila fomu isiyotuma kaunti itamwandika mwanachama wake kuwa mkazi wa Mombasa, na safari hii hakutakuwa hata na kisanduku kwenye skrini ambacho karani angeweza kukiona na kukisahihisha.