Usiniulize Ana Makala Ngapi

Juzi tena. Kijana wa uzamili kaniandikia: "Shikamoo Dokta, naomba unisaidie kuchagua msimamizi wa tasnifu." Barua nzima iliyofuata ni tarakimu tupu. Huyu ana makala ngapi, yule ananukuliwa mara ngapi, nani mkubwa kuliko nani. Hesabu hiyo nimeisikia kwenye vikao vya kupandishana vyeo na kwenye semina, na sasa naletewa na mtu anayetaka kuingia porini. Nimechoka kuijibu mmoja mmoja.

Chukueni makala moja tu. Mwaka 1999 Simon Mduma, Anthony Sinclair na Ray Hilborn walichapisha katika jarida la Journal of Animal Ecology kazi inayoonesha kwamba idadi ya nyumbu wa Serengeti inadhibitiwa na chakula. Kwenye orodha ya machapisho huo ni mstari mmoja, sawa na mstari mwingine wowote. Ndani yake mna kumbukumbu za miaka 40, kuanzia 1958, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliporuka na kijindege chao kuhesabu wanyama. Januari 1959 Michael akafa kwa ajali ya ndege hukohuko. Waliofuata wakapiga picha kutoka angani, halafu mtu akakaa mezani kuhesabu nukta moja moja hadi macho yakauma. Niambieni tarakimu gani ya kunukuliwa inawahesabu watu hao.

Halafu kuna uboho. Ukikuta mzoga wa nyumbu kiangazi, watalii wanataka kujua nani kamla. Mimi nataka kujua alikuwa na hali gani kabla hajaliwa. Unavunja mfupa wa paja. Mnyama mwenye afya uboho wake ni mweupe na mgumu, kama samli iliyoganda. Mafuta ya uboho ndiyo akiba ya mwisho ya mwili, kwa hiyo ukikuta ute mwekundu unaoangaza, unaoteleza kidoleni, huyo njaa ilishampata hata kama fisi ndiye aliyemmalizia. Mizoga ikakusanywa hivyo, na hesabu ikatoka kwamba robo tatu ya vifo vilitokana na lishe duni. Ni kazi ya kunuka, ya jua kali, na mizoga mingi unaifikia tai wakishaitangulia.

Habari ya sotoka, ule ugonjwa wa kuambukiza wa ng'ombe na wacheuaji wengine, nyote mnaijua, sitakaa sana. Ng'ombe wa pembezoni mwa hifadhi walichanjwa, ugonjwa ukaisha kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndama wakaanza kuvuka mwaka wao wa kwanza. Nyumbu kama 250,000 wa mwaka 1961 wakafika karibu milioni 1.3 mwaka 1977. Nyati nao wakaongezeka. Pundamilia, ambaye si mcheuaji na sotoka haimshiki, akabaki palepale. Nyasi zikaliwa, moto ukakosa cha kuunguza, miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Chanjo ya ng'ombe ikabadili msitu! Sinclair alikuwa na subira ya kuyafuatilia hayo kwa miongo.

Sasa kinachonikera hasa. Makala ya 1999 inanukuliwa kila siku na watu wanaosema "kwa hiyo simba hawana athari". Hapana! Kichwa chake kinasema nyumbu wa Serengeti, na nyumbu hao wanahama, simba hawezi kuwafuata na watoto mgongoni. Miaka minne baadaye Mduma na Sinclair haohao, pamoja na Justin Brashares, waliandika katika jarida la Nature kwamba wanyama wala majani wa chini ya kilo 150 hivi hupunguzwa zaidi na wala nyama. Kaskazini mwa Serengeti, kati ya 1980 na 1987, majangili na sumu viliwaondoa simba na fisi. Taya, wale swala wadogo, na swala pala wakaongezeka, twiga hakuongezeka. Wala nyama waliporudi, wadogo wale wakapungua tena. Anayenukuu ya kwanza bila kusoma ya pili anaiongezea tarakimu ya kunukuliwa na kuipotosha kwa wakati mmoja.

Na mimi nina mashaka yangu, nayasema. Nyumbu mwenye njaa huingia kwenye nyasi ndefu ambako mwenye shibe asingethubutu, na simba anamngoja humo. Kauawa na njaa au na simba? Kwenye fomu naweka alama ya njaa, na mkono unasita kila mara. Pundamilia naye, shahidi wangu mzuri wa sotoka, ananiharibia kanuni ya kilo 150: ni mzito kuliko hapo, lakini watoto wake wanakufa kwa wingi na dalili zinaelekeza kwa wala nyama. Darasani tunampita haraka. Tena Serengeti ni moja, huwezi kuirudia kama jaribio la maabara.

Mduma alikuwa mwanafunzi wa Sinclair, na baadaye akaiongoza TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania. Vijana waliopita mikononi mwake leo wanaruka na ndege kuhesabu wanyama wenyewe. Nimemjibu kijana wangu kwamba majina ya wasimamizi nitampa, lakini kwanza aje Agosti, kaskazini karibu na Mto Mara, aje na shoka. Mfupa wa kwanza atauvunja yeye.