Krenki iliyokwaruzika si lazima itupwe

Wengi huku Kampala, hata mafundi kadhaa, wanaamini krenki shafti, ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, ikishakwaruzwa na beringi basi imekufa, nunua nyingine. Naelewa, maana ile michirizi inatisha kuiangalia. Lakini krenki nyingi husagwa upya halafu zinawekwa beringi nene zaidi, za kufidia ile 0.25 au 0.50 milimita iliyosagwa, na gari linarudi barabarani vizuri tu.

Kinachoamua ni vipimo. Pitisha ukucha pale beringi inapokaa, ukikwama hapo kuna kazi, kisha mwambie fundi apime kwa maikromita, kile kifaa cha kupima unene kwa usahihi, ukiwa umesimama hapohapo, sehemu kadhaa na pande mbili, namba zikitofautiana sana ujue imekuwa kama yai, linganisheni na kitabu cha injini hiyo.

Ufa ndio wa kuogopa kweli. Ioshe, ipake dizeli, ifute ikauke, paka chaki nyeupe, dizeli ikitokeza kwenye chaki kama uzi hiyo usiisage, badilisha. Iliyokwisha kusagwa mpaka saizi ya mwisho ya beringi zake nayo achana nayo.

Na jamani matundu ya oili yasafishwe baada ya kusaga, chembe za chuma zikibaki humo zitakula beringi mpya.