"Humrudi mapema" si "mchape jioni"

Mithali 13:24, kwa mara nyingine. Semina ya malezi hapa Tanga, iwe Chumbageni, iwe Mikanjuni, iwe kule juu Lushoto kwenye baridi, chai haijapoa mzazi mmoja atasimama na kusoma: "Yeye asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe." Atafunga Biblia, ataketi, na wenzake wataitikia amina. Amesoma nusu ya mstari. Sisi walimu wa Shule ya Jumapili tumeisikia hiyo nusu mpaka masikio yameota sugu.

Nusu ya pili ni hii: "bali yeye ampendaye humrudi mapema." Kitenzi ni kurudi, kwa maana ya kumwonya mtu na kumrejesha kwenye mstari. Vijana wa siku hizi wakisikia "humrudi mapema" wanadhani ni habari ya baba anayewahi kutoka kazini, na kusema kweli hawajapotea mbali sana. Kwa Kiebrania kitenzi cha hapo kina undugu na neno la alfajiri. Anayependa huwahi. Huwahi kabla kosa halijaota mizizi, na kabla yeye mwenyewe hajapandwa na hasira.

Sasa tazama tunavyofanya. Asubuhi mtoto anamjibu mama yake jeuri, mama yuko mbioni, anapita. Mchana anampiga mdogo wake, tunasema "acheni fujo huko" bila hata kugeuza shingo. Saa kumi anaambiwa, "Ngoja baba yako arudi!" Baba anarudi saa moja usiku, kachoka, kaendesha baiskeli kutoka upande wa pili wa mji, hajavua hata viatu, anapewa mashtaka ya siku nzima pamoja na fito ya mpera. Anachapa. Anachapia uwani, mbele ya wapangaji wanaochambua mchicha. Hapo baba amerudi nyumbani, mtoto hajarudiwa. Kwa mtoto wa miaka 5 ni vigumu kuunganisha jeuri ya asubuhi na fito ya usiku. Anachounganisha ni mlio wa kengele ya baiskeli na maumivu. Halafu tunashangaa kwa nini baba akiingia sebuleni watoto wanatawanyika.

Chukua kosa la kawaida kabisa. Umemtuma mtoto wa miaka 8 dukani na shilingi 2,000 akanunue mafuta ya kula ya 1,500. Mafuta yamefika, chenji haijafika, na mdomo una rangi ya pipi. Kosa la kwanza ni la mzazi: anauliza "Chenji iko wapi?" huku jibu analiona mdomoni. Swali la namna hiyo ni mtego, na mtoto aliyetegwa hudanganya. Sasa una makosa mawili, la pili umelitengeneza wewe. Sema unachokijua: "Umenunua pipi kwa chenji." Mpe muda. Ukimya wa nusu dakika unafanya kazi kuliko maneno ya nusu saa. Akikiri, mshukuru kwa kukiri, lakini usifute deni, maana hapo ndipo wazazi wapole wanapoharibu. Shilingi 500 zilipwe kwa kazi ambayo si zamu yake ya kila siku: asugue masufuria mawili ya masizi, au akate pesa anayopewa ya shule kidogo kidogo mpaka itimie. Chakula hakikatwi. Kesho mtume tena dukani, kwa pesa hiyohiyo. Wengi wanaruka hatua hii wakiona wanajilinda, kumbe kumtuma tena ndiko kunakomwambia kwamba amesamehewa. Usipomtuma, atakuwa mwizi wa nyumba mpaka akue.

Na tafadhali, msimwandikishe "Usiibe" mara 50 kwenye daftari. Amri Kumi zikigeuzwa kiboko cha karatasi, mtoto atazikimbia kama anavyokimbia kiboko cha mti. Vivyo hivyo kupigishwa magoti nusu saa "utubu". Ukimpigisha mtoto magoti kama adhabu Jumatano, Jumapili utamwelezaje kwamba magoti ni ibada?

Nigeuke upande wa pili, kwa sababu nao wananikera karibu sawa. Kuna mafundisho yanazunguka kwenye simu kwamba fimbo ya Mithali ni fimbo ya mchungaji, na mchungaji hampigi kondoo, anamwongoza tu. Maneno matamu, lakini hayasimami. Neno la Kiebrania ni shebeti, na ni kweli ndilo la Zaburi 23, lakini ndilo hilohilo la Kutoka 21:20, penye habari ya bwana anayempiga mtumwa wake kwa fimbo mpaka akafa. Mithali 23:13 inasema wazi kumpiga mtoto kwa fimbo, na Waebrania 12:6 inaweka kurudi na kupiga kwenye sentensi moja. Asiyependa fimbo asijifanye haimo.

Mimi naisomaje basi? Kwa wasiwasi kidogo, sitaficha. Mithali ni hekima, si sheria, na humohumo fimbo ni ya mgongo wa mpumbavu yeyote, mkubwa kwa mdogo (10:13, 26:3). Mbona mistari hiyo haisomwi kwenye kikao cha wazee wa kanisa? Na 17:10 inasema karipio humwingia mwenye ufahamu kuliko mapigo mia kwa mpumbavu. Kisha Paulo, akizungumza na akina baba hasa, anataja hatari moja kwa jina: "msiwachokoze watoto wenu". Agano Jipya halina mahali linapomwagiza mzazi ashike fimbo. Mimi huwashauri wazazi waiache. Lakini siwezi kusimama mimbarani nikasema kila mzazi aliyewahi kuchapa kwa kiasi amevunja Maandiko, maana sina mstari wa kusimamia.

Martin Luther, ambaye sisi Walutheri tunapenda kumtaja akituunga mkono, alisimulia kwamba mama yake alimchapa mpaka damu ikatoka kwa ajili ya kokwa moja tu, na alishauri tofaa likae pembeni ya fimbo. Kwetu lingekuwa chungwa la Muheza. Katekisimu Ndogo ya 1529, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani, aliiandika akimlenga mkuu wa nyumba, aifundishe nyumbani. Wanaomleta mtoto kipaimara bila kujua Baba Yetu, wakitegemea mwinjilisti amalize kazi yote, wasome hapo.

Sheria niipitie haraka. Kanuni za viboko shuleni za 2002 zinaruhusu visizidi 4, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye ruhusa ya maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha. Nyumbani hakuna daftari. Lingekuwepo, wengi wetu tungeona aibu kulifungua.

Kuhusu ibada ya jioni, sababu kubwa ya kushindikana ni saa. Ikiwekwa saa tatu usiku baada ya chakula, watoto wanasinzia, baba anakasirika, na ibada inaishia kwa makofi. Iweke wali ukishapaliwa makaa. Kuanzia hapo mpaka ukauke una dakika kama 15, zinatosha na kubaki: ubeti mmoja, mistari mitano hadi minane, swali moja ambalo hata mdogo anaweza kulijibu, na kila mmoja aombe sentensi moja. Harufu ya nazi itawaharakisha wenye maombi marefu. Kama shangazi Mwislamu amefikia kwenu, na Tanga hii nani hana, akaribishwe mkekani bila kulazimishwa kuitikia, na siku hiyo usichague mistari ya kumlenga.

Na mzazi ukiomba, usihubiri ukiwa umefumba macho. "Ee Bwana, unamwona huyu mtoto na uongo wake wa leo" ni mashtaka. Mtoto anajua anasemwa, wadogo zake wanajua, na amina yake utaisikia ilivyo nyepesi. La chenji lilishaisha pale sufuria zilipong'aa. Taja jina lake kwenye kushukuru, kisha pakueni.