Maana ya asali iliyoiva

Asali iliyoiva ni asali ambayo nyuki wenyewe wameipunguza maji hadi inaweza kukaa bila kuchacha, kisha wakaifunika kwa nta. Mbochi, yaani maji matamu ambayo nyuki hukusanya kwenye maua, inapoingia mzingani huwa na maji mengi, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wake. Nyuki vibarua huipokezana mdomo kwa mdomo, huichanganya na vimeng'enya vyao, huieneza katika vijumba vya sega na kuipepea kwa mabawa mpaka izidi kuwa nzito. Kiwango cha kimataifa kinataka asali ya kawaida isizidi maji asilimia 20, kwa kuwa juu ya hapo hamira za asili zilizomo ndani yake hupata nafasi ya kuichachusha.

Kwa hiyo uivaji hauamuliwi na tarehe wala na haja ya fedha ya mfugaji. Katika vijiji vya Dodoma na Manyoni, ambako mvua hunyesha msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, wapo wanaofungua mizinga mapema kwa sababu tu sega linaonekana limejaa. Kujaa si kuiva. Sega lililoiva limefunikwa kwa utando mwembamba wa nta, mweupe au wa hudhurungi hafifu, walau robo tatu ya eneo lake. Lisiloiva lina vijumba vilivyo wazi, na ukilitikisa kidogo juu ya ndoo, matone mepesi hudondoka. Mrina asali makini huliacha hilo mzingani, pamoja na masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, na hubakiza akiba ya kulivusha kundi kiangazi, maana nyuki wa kwetu wakikosa chakula huhama.

Asali isiyoiva haiivishwi jikoni. Kuichemsha huondoa maji kiasi, lakini huharibu harufu na vimeng'enya, nami naona heri mtu auze ndoo moja iliyoiva kuliko tatu za namna hiyo. Hata iliyoiva hufyonza unyevu wa hewa, hivyo ndoo kavu yenye mfuniko unaobana ni sehemu ya mavuno yenyewe.

Kipimo hiki cha kuiva kinawahusu nyuki wanaouma. Nyuki wadogo wasiouma, wanaoishi porini katika matundu ya miti na ambao baadhi ya watu sasa huwafuga, hawahifadhi asali katika masega bali katika vijungu vya nta iliyochanganywa na utomvu, na asali yao huwa nyepesi na yenye uchachu hata inapokuwa tayari, kwa sababu kwa asili ina maji zaidi ya asilimia 20. Kuiita mbovu au iliyochakachuliwa kwa sababu hiyo ni kuionea. Inachohitaji ni chombo chake safi, isichanganywe na ile nyingine, na itunzwe mahali penye ubaridi.