Mazoezi hayazuii ugonjwa wa mwinuko

Wateja wanaonipigia kupanga safari ya Kilimanjaro huanza na maneno yaleyale: "Mimi niko fiti, nakimbia kila asubuhi, nipangie siku tano tu." Wengine wamemaliza mbio ndefu pale Moshi na wanaona siku ya sita ni ujanja wa kuwaongezea bei. Kulijibu hilo kwenye simu, mmoja baada ya mwingine, kumenichosha. Basi naliandika.

Dhana: aliye fiti haumwi mlimani

Anaumwa. Ugonjwa wa mwinuko ni ule unaompata mtu anayepanda juu haraka kuliko mwili unavyoweza kuizoea hewa nyepesi. Mazoezi yanakupa miguu na moyo wa kupandia, na hilo ni jambo jema, lakini hayabadilishi jinsi mwili wako unavyopokea hewa nyepesi. Pale kileleni Uhuru, mita 5,895, hewa ina oksijeni asilimia 21 kama ya Dar es Salaam. Kilichopungua ni kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, kwa hiyo kila pumzi inakuingizia karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea pwani. Mwili hujibu kwa kuhema haraka zaidi, hata usingizini, na figo hurekebisha damu ili uhemaji huo uweze kuendelea. Kazi hiyo inataka siku kadhaa, na hakuna mapaja yanayoiharakisha.

Martina Navratilova, aliyetwaa ubingwa wa Wimbledon wa mchezaji mmoja mmoja mara 9, alikuja kuupanda mlima huu Desemba 2010. Hakufika kileleni. Mapafu yalianza kujaa maji, akateremshwa na kupelekwa hospitali Nairobi. Maisha yake yote ni michezo. Ukiniambia wewe unakwenda jimu mara tatu kwa wiki, nakupongeza, lakini siku ni zilezile.

Tena mtu wa mazoezi ndiye ninayemwangalia zaidi. Ukimwambia polepole anakuona unamchelewesha. Anatoka geti la Machame kwa kasi, anawapita wapagazi msituni, kesho yake anaingia kambi ya Shira kichwa kinamgonga na anasema ni jua. Hapendi kukiri kwamba mwenzake mnene anayetembea taratibu yuko salama kuliko yeye.

Chukua njia ya Marangu kwa siku tano. Usiku wa kwanza unalala Mandara, karibu mita 2,700. Wa pili Horombo, 3,700. Wa tatu Kibo, 4,700, na usiku huohuo unaamshwa kwenda kileleni. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kutoka usiku hadi usiku. Ratiba hiyo inapandisha mara mbili ya kiasi hicho. Kwa hiyo msimamo wangu haubadiliki: Marangu ni siku sita, unalala Horombo mara mbili, na mchana wa katikati unapanda hadi Mawe ya Pundamilia na kurudi. Machame ni siku saba, unapita Lava Tower kwenye mita 4,600 na kushuka kulala Barranco, kisha unalala Karanga kabla ya Barafu. Kama fedha ya siku hiyo moja haijatimia, ahirisha safari. Mlima hauhami.

Jioni kambini naangalia sahani kabla sijauliza lolote. Aliyeacha chakula na anashika kichwa, hapandi kesho mpaka atengemae. Kisha nachora mstari vumbini kwa fimbo na kumwambia aufuate, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Anayeyumba na kutafuta bega la kushika anashuka saa hiyohiyo, hata akiapa ni uchovu tu, kwa sababu ubongo umeanza kuvimba. Vivyo hivyo anayehema kwa shida akiwa amekaa, au anayekohoa makohozi yenye povu. Hakuna kusubiri kupambazuke. Machela ya gurudumu moja inashuka hata gizani.

"Mimi mwenyeji wa huku, mlima ni wetu"

Moshi mjini ni kama mita 900, na vijiji vya Marangu havifiki 2,000. Kuzaliwa hapo hakukukingi na Kibo. Wapagazi wetu nao huumwa, ila wengi hunyamaza wakihofia kukosa malipo, na hilo linaniuma kuliko yote. Mpagazi akisema kichwa kinauma, mzigo unagawanywa na yeye anashushwa kama mgeni yeyote. Na mzigo wenyewe usizidi kilo 20, ndiyo sheria ya hifadhi. Simama karibu na mizani getini ujionee.

"Kunywa maji mengi, utapona"

Maji yanazuia kukaukiwa, hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Ukijilazimisha kunywa kupita kiu, chumvi kwenye damu inashuka, nawe unaumwa kichwa, unapata kichefuchefu na kuchanganyikiwa, dalili zilezile tunazozitafuta. Kunywa kwa kiu yako, na supu usiiache.

"Pombe kali kidogo inapasha mwili joto"

Inapeleka damu kwenye ngozi, unahisi joto huku mwili unapoa. Na inapunguza kuhema ukiwa umelala, jambo baya kuliko yote kwa mtu aliye mita 4,000. Baadhi ya vidonge vya usingizi vina madhara hayohayo, kwa hiyo usimeze chochote cha usingizi bila kumwambia kiongozi wako.

"Nimemeza Diamox, niko salama"

Diamox, vidonge vya kukinga ugonjwa wa mwinuko, ni dawa nzuri, na siwazuii watu kuitumia. Inasaidia figo kufanya ile kazi mapema kidogo, ndiyo maana huanza kumezwa siku moja kabla ya kupanda. Haichukui nafasi ya ule usiku wa pili Horombo. Kipimo aandike daktari, naye umwambie kama dawa za salfa zinakudhuru. Ijaribu nyumbani wiki kadhaa kabla ya safari, maana inatia ganzi vidoleni na inakupeleka haja ndogo mara kwa mara, na sitaki uligundue hilo ndani ya hema saa nane za usiku. Ukiumwa ukiwa unaitumia, unashuka vilevile.