Kumtolea Mungu Kwanza: Dhana Zetu na Ukweli wa Maandiko

Jumapili moja ya mavuno, mama mmoja wa usharika wetu alileta mayai saba kwenye kopo lenye pumba. Kuku wake alikuwa ameanza kutaga wiki ile ile, na nyumbani kwake hawakuwa wamekula hata moja. Nilikuwa miongoni mwa wazee wa kanisa tuliopokea sadaka, na siku hiyo nilielewa neno "malimbuko" kuliko nilivyolielewa darasa la kipaimara.

Dhana: Nitatoa nikishapata cha kutosha.

Mithali 3:9 inatuambia tumheshimu Bwana kwa malimbuko ya mazao yetu yote. Malimbuko ni mganda wa kwanza, ule unaokatwa wakati shamba lingine bado limesimama. Mkulima wa Israeli aliupeleka kabla hajajua kama nzige au adui watamwachia mengine. Imani yake ilikuwa katika kule kutangulia. Mshahara ukiingia, ukalipa kodi ya nyumba, umeme, vocha na deni la dukani, kisha ukasema kinachobaki ni cha Bwana, umempa makombo hata kama ni mengi. Paulo aliwaagiza Wakorintho kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake (1 Wakorintho 16:2). Mwenye kidogo anaweka kidogo, na hapungukiwi heshima yoyote. Wahenga walishasema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Dhana: Sadaka ni mbegu, panda elfu kumi uvune laki.

Hii inaniuma sana, maana nimeona watu wakikopa ili "wapande". Andiko linaloegemewa ni Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani," zaka ikiwa ni sehemu ya kumi ya mazao. Lisome pamoja na Nehemia 13:10, habari za zama zinazokaribiana na zake. Walawi, ambao hawakugawiwa ardhi kama makabila mengine, hawakupewa sehemu zao, wakaiacha huduma ya hekalu na kukimbilia kila mtu shambani kwake. Wahudumu wa nyumba ya Mungu walikuwa na njaa. Ndiyo maana Malaki anasema zaka iletwe "ili kiwemo chakula" katika nyumba ya Bwana. Na baraka anazozitaja ni za taifa zima la wakulima: madirisha ya mbinguni kufunguliwa, mazao kutoliwa, mizabibu kutopukutisha matunda kabla ya wakati wake.

Mungu hubariki, hilo naliamini kwa moyo wangu wote. Lakini makanisa ya Makedonia yalitoa yakiwa katika umaskini mkuu, na Paulo anapoisimulia habari yao hasemi popote kwamba baadaye walitajirika. Anachokisifu ni kwamba walijitoa nafsi zao kwanza kwa Bwana (2 Wakorintho 8:5).

Dhana: Zaka ni mali ya mchungaji.

Kumbukumbu la Torati 14 inaagiza kwamba kila mwaka wa tatu zaka iwekwe ndani ya malango ya mji, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Walawi nao walitakiwa kutoa sehemu ya kumi ya zaka waliyoipokea (Hesabu 18:26). Mchungaji anastahili kulishwa. Ila mezani hayuko peke yake.

Dhana: Mungu kwanza, wazazi watasubiri.

Katika Marko 7 wapo watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, wakapata njia ya kutowasaidia baba na mama. Yesu aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Kama mama yako kijijini amekosa dawa ya presha, kumnunulia dawa ni sehemu ya kumtii Mungu. Sisemi zaka yote igeuzwe kuwa matumizi ya nyumbani, maana hicho nacho ni kichaka cha kujifichia. Nasema bahasha ya Jumapili haimtakasi mtu aliyemtelekeza mzazi wake.

Dhana: Kuuliza hesabu ni kumshuku Mungu.

Paulo alipoandaa mchango wa kuwasaidia watakatifu, yaani waumini, wa Yerusalemu hakuushughulikia peke yake. Alishirikiana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, mtu asije akamlaumu kwa habari ya fedha hizo (2 Wakorintho 8:19-21). Kwetu tunahesabu watu watatu, mlango ukiwa wazi, na jumla inasomwa mbele ya washarika Jumapili inayofuata.

Yale mayai saba yalinadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Aliyeyanunua kwa elfu tano aliyarudisha yanadiwe tena, yakafika elfu kumi na mbili. Mnunuzi wa pili akampelekea mzee mmoja mgonjwa wa jumuiya yetu. Mwenye kuku hakuyaona hayo. Alishaondoka mapema, akiwahi kumwagilia mchicha wake.