Kali si shetani: dhana potofu kuhusu miungu wa kike wa Wahindu

Katika maduka mengi ya Wahindu, Dar es Salaam au Mombasa, utaona picha karibu na droo ya pesa: mama wa mikono minne aliyevaa sari, kasimama juu ya yungiyungi, sarafu zinamiminika kutoka kiganjani. Huyo ni Lakshmi. (Si kila Mhindi ni Mhindu, lakini. Kwa Waismailia, Mabohora au Masingasinga usitarajie kuikuta.)

Dhana: Picha ile ni ndumba ya kuvuta wateja.
Lakshmi ni mungu wa neema na ustawi, na huombwa waziwazi kama watu wengine wanavyomwomba Mungu riziki. Msimu wa Diwali, sikukuu ya taa, wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat huleta daftari mpya za hesabu zibarikiwe, ibada iitwayo chopda pujan. Ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili, shubh na labh, yaani heri na faida. Siku hizi hata kompyuta za ofisini huwekwa mbele ya madhabahu.

Dhana: Kali ni shetani.
Hapa ndipo watu wanapopotoka zaidi, na sura yake haisaidii: mweusi, shanga za vichwa shingoni, ulimi nje. Kisa chake kimo katika Devi Mahatmya, utenzi wa Kisanskriti unaohesabiwa beti 700. Jitu Raktabija lilikuwa halipigiki, kwa kuwa kila tone la damu yake likigusa ardhi, jitu jingine kama yeye linazaliwa. Kali, aliyechomoza kwenye paji la uso la mungu mama mwenyewe, Durga, akatandaza ulimi na kuinywa damu kabla haijafika chini. Yaani ulimi ule ndio uliookoa vita. Bengal, mashariki mwa India, wana simulizi nyingine: katika wazimu wa ushindi alimkanyaga mumewe, mungu Shiva, akashtuka na kuuma ulimi kwa aibu.

Hekalu lake la Dakshineswar, karibu na Kolkata, lilifunguliwa mwaka 1855 kwa fedha za mjane tajiri, Rani Rashmoni. Kuhani wake maarufu, Ramakrishna, alimlilia Kali kama mtoto anavyomlilia mama, na mpaka leo waumini humwita Ma. Sifa ya “mungu wa wauaji” ilienezwa sana na maofisa wa Kiingereza wa karne ya 19, William Sleeman akiwa mbele, katika maandishi yao juu ya majambazi wa njiani. Sinema zikamalizia kazi.

Dhana: Wanaabudu udongo.
Mtaa wa Kumartuli, Kolkata, mafundi hufunga mianzi na majani makavu ya mpunga, wakakandika udongo wa mto, wakapaka rangi, mpaka Durga akasimama na mikono yake kumi akimchoma mkuki Mahishasura, jitu-nyati. Macho huchorwa mwishoni. Kisha kuhani humkaribisha mungu aingie katika sanamu, naye huhesabiwa mgeni kwa siku za sikukuu. Zikiisha huagwa, na sanamu hutoswa mtoni ikayeyuka. Angekuwa ndiye udongo, nani angethubutu kumtosa?

Dhana: Ni wake wa miungu tu.
Kwa Washakta, yaani Wahindu wanaomwabudu mungu mama, yeye ndiye mkuu. Bila nguvu yake, shakti, Shiva hawezi hata kutikisika. Na Madurai, kusini mwa India, wanaohiji humsalimu Meenakshi kwanza, ndipo mumewe.

Dhana: Basi wanawake wao wanaheshimiwa kuliko kwingine.
Haiendi hivyo. Hekalu la Kamakhya, Assam, halina sanamu ndani. Kuna mwamba wenye ufa unaolowana maji ya chemchemi. Kila Juni hufungwa siku tatu, ikiaminika kwamba mungu yuko kwenye hedhi. Likifunguliwa, umati hugombea vipande vya kitambaa chekundu kama baraka. Lakini katika nyumba nyingi za Kihindu, mwanamke aliye kwenye hedhi haingii chumba cha ibada. Mwaka 2018, Mahakama ya Juu ya India iliporuhusu wanawake wa umri wa miaka 10 hadi 50, yaani umri wa hedhi, kuingia hekalu la Sabarimala, Kerala, ambalo ni la mungu wa kiume Ayyappan, waandamanaji walifunga njia, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wengi.